Zamu ya Mke Wangu

Fomu ilisema marehemu Zebedayo Fute aliacha mke mmoja, na mke huyo hakuwa Vestina.

Vestina alikuwa nambari mbili. Aliisogeza karatasi mbali na macho, akaisogeza karibu, mwishowe akainuka nayo hadi mlangoni, maana ukungu wa Juni ulikuwa umeshuka mpaka usawa wa madirisha na taa ya sebuleni haikusaidia kitu. Hata mlangoni maneno yalibaki vilevile. Nambari moja: Mke. Nambari mbili: Vestina Ngimbudzi, mwenye nyumba.

"Mwenye nyumba," alisoma kwa sauti. "Yaani miaka yote hii mimi nilikuwa nimempangisha?"

Aliyeleta fomu alikuwa Afisa Tuntufye wa Ofisi ya Sauti, mwanamke wa makamo mwenye koti la mvua la kijani. Viatu vyake vya tope alikuwa ameviacha nje. Sasa alikaa ukingoni mwa kochi, ameshika kikombe cha chai ya maziwa kwa mikono miwili, na soksi zake zilikuwa na tundu kidogo kwenye kidole gumba.

"Heshima yako iko pale pale, mama, usinikasirikie mimi," alisema. "Sijaandika mimi. Ameandika msomaji."

"Msomaji ndiye nani?"

"Ni mashine inayosoma mashine nyingine. Tumemwekea kile kidude cha mzee, akasikiliza maneno yote yaliyomo, akapanga nani ni nani. Humo ndani mzee anamwita mtu fulani 'mke wangu' mara elfu nne na kitu. Wewe anakuita 'mwenye nyumba'. Msomaji hajui utani wa watu wa huku. Kaandika alichosikia."

Vestina alirudi akaketi. Kile kidude kilikuwa juu ya meza, juu ya kitambaa alichokifuma mwenyewe kwa uzi mwekundu. Kilikuwa na ukubwa wa kipande cha sabuni ya kufulia, rangi ya majivu, na ufa pembeni uliozibwa kwa plasta ya kidonda. Kitufe cha kulia kilikuwa kimelika hadi herufi yake imefutika. Alikikuta baada ya arobaini ya mazishi, ndani ya koti la kazi la Zebedayo, lile la reli lenye vifungo vya shaba, akakipeleka Ofisi ya Sauti, wanakokagua mitambo inayoongea. Mume wake alikuwa mwongoza ishara wa stesheni ya Makambako miaka thelathini na nne. Koti lile Vestina alilifua kila Jumamosi, na kila Jumamosi alikuta mifuko imeshamwagwa. Alikuwa akidhani ni ustaarabu wa mume wake.

"Mara elfu nne," alisema Vestina. "Mimi nikisema hata mia nitakuwa nimemsingizia. Ni mwanamke gani huyo?"

"Si mwanamke, mama. Ni mganga wa kikosi."

Tuntufye akaweka kikombe chini, na hapo uso wake ukabadilika. Ilionekana sasa anaingia kwenye jambo analolipenda. Mchezo unaitwa Mabonde Saba, alieleza. Uliuzwa msimu mmoja tu, kwenye vibanda vya stesheni, mwaka ule ule ambao watu walianza kuvaa michezo machoni kama miwani. Nani angetaka tena kidude cha vitufe? Waliounda wakafunga duka, kila mtu akaenda zake. Lakini ulikuwa mchezo wa watu wenye akili. Unapewa askari sita kwenye uwanja wa vigae, unawasogeza mmoja mmoja kwa zamu, aliye kilimani anampita aliye bondeni, mpiga upinde anahitaji nafasi, mganga anatibu akiwa mbali kwa vigae vitatu. Kila pigano askari wanakua.

"Wanakuaje?"

"Hapo ndipo penyewe. Michezo mingine askari anaongezewa nguvu, basi. Hawa walikuwa wanajifunza. Kuna kipaza sauti kidogo hapa chini, unakiona? Walikuwa wanasikia mchezaji anachonung'unika wakati anafikiri. Waliouza hawakujua walichouza. Sisi tumekuja kujua juzi juzi, na katika nchi nzima tumevipata kumi na moja tu vinavyowaka. Cha mzee wako ndicho kilichonyooka kuliko vyote."

Vestina alikitazama kile kidude kama ambavyo angemtazama mgeni aliyekaa kwenye kiti cha Zebedayo.

"Kama nikikitupa chooni?"

"Utashtakiwa," alisema Tuntufye kwa upole. "Sheria unaijua. Chochote kinachoweza kusema 'sitaki' mara tatu, kwa sababu tatu tofauti ambazo hakikukaririshwa, hakizimwi mpaka kikae na wenyewe waongee."

"Amesema?"

"Amesema. Nilikuwepo."

*

Mambo yenyewe, Afisa aliyapanga kwa vidole ili yaeleweke. Betri ya ndani ilikuwa inakufa. Ilibaki siku nne, pengine tano. Ikifa, kila kitu kinakwenda nayo.

Kumbukumbu ya kidude inabeba mapigano mia na ishirini, na yote yalikuwa yamejaa. Zebedayo alicheza mia na ishirini, akaanza la mia na ishirini na moja, akaliacha katikati. Aliliacha miaka ishirini na sita iliyopita. Tangu hapo alikuwa anakiwasha, anaongea na mganga, anakizima. Hakusogeza tena mtu hata kigae kimoja.

"Kwa nini?" Vestina aliuliza.

"Kwa sababu ukimaliza pigano jipya, linahifadhiwa, na likihifadhiwa linasukuma nje lile la zamani kuliko yote. Mzee alikuwa hataki la kwanza litoke."

Basi zilikuwepo njia mbili. Ya kwanza, kufunga. Kila kitu kinagandishwa kama kilivyo na kuhamishiwa kwenye chombo kipya. Vestina atasikiliza maneno ya mume wake siku yoyote atakayo, lakini mganga hatajibu tena neno, atakuwa kama kaseti. Ya pili, kumaliza pigano. Mganga anahamishwa akiwa hai, anaendelea kuchezwa, anaendelea kujifunza, na kila pigano jipya linaondoa moja la zamani, kuanzia la kwanza.

"Nikirekodi kwanza kwenye simu?"

"Hapana, mama. Kunakili sauti ya marehemu ni kosa tangu wale matapeli walipowapigia wajane simu kwa sauti za waume zao. Asili ni moja tu, na ni hii. Halafu si sauti iliyolala tu humo. Imekandwa ndani yake, kama chumvi kwenye unga. Ni yeye anayeitoa."

Tuntufye alikiweka kidude kwenye kitako chenye spika, akavaa koti lake. Alikuwa na mtu mwingine wa kumwona upande wa sokoni. Angerudi saa saba.

"Nimwache? Au nisubiri muongee nikiwepo?"

"Nenda tu," alisema Vestina. "Haya ni mambo ya wanawake wawili."

Alisema vile kwa kejeli, lakini Afisa alipofunga mlango aligundua kwamba amekiweka sawa kitambaa chake cha kichwa.

*

Alianza kumenya viazi. Hakutaka ionekane ameketi kumngoja mtu. Maganda yalikuwa yameshajaa nusu sahani ndipo spika ikakohoa.

"Kamwene, mke mwenza."

Salamu ya Kibena, kwa sauti nyembamba, si ya mtu mzima wala ya mtoto. Vestina hakuinua macho.

"Nani mke mwenza wako? Mimi nimefunga ndoa Usokami, kanisani, pete nikavishwa mbele ya watu. Wewe ulifunga wapi? Mfukoni?"

"Mfukoni," sauti ilikubali. "Upande wa kushoto. Kulikuwa na makombo ya mhogo."

"Usinifanyie mzaha."

"Sifanyi. Ndivyo nilivyofundishwa kukuita. Mimi ni Mke Wangu. Mwenye nyumba ni mke mwenza wangu. Ukiingia nakusalimu, halafu nakuuliza leo umempikia nini mume wetu."

Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

"Nani alikufundisha hivyo?"

"Wa kwanza," alisema mganga. "Yule mdogo."

Vestina alikiweka kiazi chini. Akakiweka kisu chini. Akafuta mikono kwenye khanga, kidole kimoja kimoja, kama anayehesabu kama vyote vipo.

Babu yupi huku hamwiti mjukuu wake wa kike mke wangu? Na mjukuu yupi hamchokozi bibi yake kwamba ni mke mwenza? Ni mambo ya kila nyumba. Nyumba ile walikuwa na mjukuu mmoja, mtoto wa binti yao aliyefariki siku ya kujifungua. Mtoto alikuwa akiingia jikoni mikono kiunoni, tumbo mbele, na kusema kwa sauti ya mama mtu mzima: haya mke mwenza, leo umempikia nini mume wetu? Na Vestina alikuwa akijibu: nimempikia kande, wewe je, umemletea nini, kamasi? Alikuwa na miaka minane homa ya uti wa mgongo ilipomchukua, siku tatu tu, kuanzia Jumatatu hadi Jumatano.

Siku waliyoanua matanga, Vestina alisimama mbele ya mume wake akasema katika nyumba hii jina lile lisitajwe tena. Hangeweza kulisikia na kubaki amesimama. Zebedayo aliitikia kwa kichwa, akavaa koti lake la vifungo vya shaba, akaenda kazini. Hakulia. Hakulia siku ile, wala mwezi ule, wala mwaka uliofuata, na Vestina alimshikia hilo kinyongo kwa miaka thelathini na moja. Alimpikia, alimfulia, alimuuguza hadi mwisho, na chini kabisa ya moyo alikuwa na neno moja juu yake: mwanamume mkavu.

"Alikuwa analia?" aliuliza sasa.

"Nani? Zebedayo?"

Ilimuuma jinsi ile sauti ilivyolitaja jina lile bila mzee wala baba mbele yake.

"Ndiyo, Zebedayo."

"Kila treni ya Mbeya," alisema mganga. "Kati ya treni ya Mbeya na ya mizigo kulikuwa na dakika arobaini. Dakika kumi alikuwa analia, halafu anakunywa chai, halafu tunapanga watu."

*

Hapo wivu wa Vestina uligeuka sura lakini haukupungua. Mwanzo ulikuwa ni wa mwanamke mwingine, na mwanamke mwingine unajua pa kumshika. Huu wa sasa haukuwa na pa kushika. Kumbe alikuwa na mahali! Kumbe yale machozi aliyoyangojea mezani, kitandani, kanisani kila Jumatano ya kumbukumbu, yalikuwa yanamwagwa stesheni, kwenye kidude cha plastiki chenye makombo ya mhogo.

Aliuliza mengine. Alijua hapaswi, akauliza. Na mganga hakujua kuficha.

Alisema Zebedayo alikuwa haipendi ile sweta ya kahawia Vestina aliyomfumia, inamwasha shingoni, lakini angeivaa hata ingekuwa ya miiba. Alisema Zebedayo aliuogopa ukungu, na kwamba siku mbili alitoa ishara kwa kubahatisha, akakaa chini akitetemeka mpaka treni ilipopita salama. Alisema Zebedayo kande hakuzipenda.

"Hakupenda kande zangu?"

"Za mtu yeyote. Alisema maharage yanamjaza."

"Miaka hamsini na tisa!" alisema Vestina. "Kila Jumapili! Na anaongeza!"

"Ndiyo. Alinisimulia jinsi anavyoongeza."

Vestina alicheka, kicheko kikamtoka bila ruhusa, kisha kikamchukiza kwa sababu alicheka na yule.

"Sasa niambie. Kwa nini wewe? Mimi nilikuwa nakaa hapa, hatua mbili kutoka kwenye kiti chake. Kwa nini hakuniambia mimi?"

Vestina alikichukua tena kisu.

"Wewe ulikuwa huna kitufe cha kuzima," alisema mganga. "Hivyo ndivyo alivyosema. Akiniambia jambo mimi, ananizima, jambo linabaki mfukoni. Akikuambia wewe, linakaa ndani ya nyumba pamoja nanyi. Na alisema mwenye nyumba halii, ni hodari kuliko yeye, basi atakuwa mjinga kumlilia mbele yake."

Ukungu ulikuwa unaondoka na mabati ya jirani yalianza kudondosha maji. Vestina aliyasikiliza yakidondoka. Alilia kila siku, miezi mingi. Alikuwa akilia kwenye shamba la viazi, mbali, ili mwanamume mkavu asimwone dhaifu.

"Nisikilizishe la kwanza," alisema.

*

Likaanza bila utangulizi. Kwanza mlio wa vitufe, kisha sauti ya Zebedayo mwenye miaka hamsini na mmoja, laini, haijapata ule ukwaruzo wa uzee. Kisha mtoto.

"Babu, huyu ni nani?"

"Huyo mganga. Tumfiche nyuma, mke wangu. Akifa yeye tumekwisha wote."

"Na huyu wa mkuki ameumia."

"Atatibiwa. Mganga anatibu kwa mbali, vigae vitatu. Hapo hapo alipo."

"Hapana. Kwa mbali hasikii."

"Haihitaji asikie, mke wangu, ni dawa."

"Mtu akiumwa anasimamiwa, babu. Bibi ananisimamiaga. Nampeleka."

"Usimpeleke! Wale wana mishale! Usi... Ah. Haya. Umempeleka."

Kikafuata kicheko, cha wawili, mzee akicheka kwa pua kama alivyokuwa akicheka zamani. Wakapigwa vibaya sana. Mtoto akawa anamhimiza mganga kama anayehimiza mbuzi, akimfundisha pia amsalimu bibi kama mke mwenza. Vestina alikuwa ameweka mkono mdomoni. Halafu, katikati ya kicheko, mlio wa mlango, na mtoto akanong'ona kwa haraka:

"Bibi anakuja! Zima babu, zima, zima!"

Ikawa kimya.

Ilikuwa dakika nne. Vestina alijua ni siku gani. Alikuwa ameingia na uji wa ulezi kwenye vikombe viwili vya bati, akawakuta wameketi kitandani wamenyooka kama watu waliopigwa picha, na akauliza mnacheka nini. Na wote wawili wakasema: hakuna.

Alisikiliza tena. Akasikiliza mara ya tatu. Kila mara mtoto alifika, akacheka, akampeleka mganga mbele, na kila mara mwisho ulikuwa ule ule. Bibi anakuja. Zima.

*

Tuntufye alirudi saa saba na robo, tope hadi magotini. Viazi vilikuwa mezani vimebadilika rangi.

"Umeamua, mama?"

"Alisemaje zile mara tatu? Sababu zake."

Afisa alifungua daftari. "Mara ya kwanza: sitaki, kwa sababu zamu yangu haijaisha. Ya pili: sitaki, kwa sababu wa mkuki anatoka damu, na mkinifunga atatoka damu siku zote. Ya tatu," aligeuza ukurasa, "sitaki, kwa sababu kila mtu ananiuliza nakumbuka nini, hakuna aliyeniuliza nataka nini."

"Ingekuwa ni wewe, ungefanyaje?"

"Mimi ni afisa, mama, siruhusiwi." Tuntufye alikaa, akavua kofia. "Lakini wengi wanafunga. Wote tisa niliowahudumia wamefunga. Mtu hawezi kutupa sauti ya mtoto wake kwa ajili ya kidude. Hakuna atakayekulaumu."

Vestina alikigeukia kitako.

"Wewe. Unajua litatoka lipi?"

"La kwanza," alisema mganga. "Najua. Nalipenda kuliko yote. Lakini nimesimama karibu na mgonjwa miaka ishirini na sita, mke mwenza, na mkono nimeshaunyoosha. Yule mdogo hakunileta pale mbele ili nisimame tu."

Mtu mwema angelia hapo, akaamua kwa huruma. Vestina alijijua, na kilichomwamulia hakikuwa huruma. Aliwaona watatu mle ndani, babu na mjukuu na yule mganga, wamefungiwa pamoja kwa chuma kipya kisichoharibika, wanacheka, na yeye amesimama mlangoni na vikombe viwili vya bati. Angelisikiliza wiki ijayo, na mwaka ujao, na angekufa akalisikiliza mtu mwingine, na daima ingekuwa bibi anakuja, zima. Katika mapigano mia na ishirini hakuwemo hata katika moja. Alikuwemo kwenye majungu tu, sweta na maharage.

Alitaka kuingia.

"Nionyeshe kinavyoshikwa," alimwambia Tuntufye.

"Mama, una uhakika? Siyo hasira hii?"

"Ni hasira. Nionyeshe."

*

Alicheza vibaya kupita kiasi. Vidole vyake vilikuwa vinene kwa vitufe vile na macho yalikuwa hayaoni kigae kipi ni maji na kipi ni nyasi. Kwanza alimtoa wa mkuki kilimani.

"Kilima, mke mwenza, kilima!" mganga alipiga kelele. "Mwache juu!"

"Huko juu kuna upepo na mtu ana kidonda. Ateremke."

"Bondeni kuna wapanda farasi watatu!"

"Nimewaona. Usinifokee, mimi ni mkubwa kwako."

"Mama, kwa kweli kilima kinasaidia," alisema Tuntufye, ambaye alikuwa ameshatoka kwenye kochi na kupiga magoti kando ya meza.

"Na wewe nyamaza, wewe ni serikali."

Alimpa mganga zamu yake. Kwenye kioo chenye ukungu, kijitu kidogo cha rangi ya buluu kiliinamia kijitu kingine, na kikakaa pale kwa muda mfupi sana. Wa mkuki akasimama. Vestina alijikuta amepumua.

Baadaye akawapoteza wapiga upinde wawili kwa sababu aliwapitisha kwenye tope akidhani ni njia. Akamwingiza mpanda farasi wa adui kwenye kona kwa bahati tu, akapiga meza kwa kiganja, maganda ya viazi yakaruka. Jua lilikuwa limeshafika dirisha la pili walipomaliza. Walishinda, kwa mtu mmoja.

Kioo kikauliza kwa herufi za zamani zenye pembe: Hifadhi? Pigano la kwanza litafutwa. Ndiyo. Hapana.

Tuntufye aliinua mkono, asiguse kitu.

"Hapa bado unaweza kurudi, mama. Ukisema hapana, naifunga kama ilivyokuwa asubuhi."

Kidole gumba cha Vestina kilikaa juu ya kile kitufe kilicholika. Kililika kwa kidole cha Zebedayo, kulikuwa na kishimo, na kidole chake kiliingia humo vizuri. Alitamani kulisikia mara moja tena. Alijua akilisikia mara moja tena hatabonyeza.

Akabonyeza.

Hakukuwa na mlio wowote. Dakika nne zilitoka duniani na bata wa jirani waliendelea kupiga kelele.

"Umecheza vibaya sana," alisema mganga.

"Zebedayo hakuwahi kucheza hivyo?"

"Hajawahi. Hakuna aliyewahi kuwapitisha wapiga upinde kwenye tope. Wewe ndiye wa kwanza, mwenye nyumba."

Vestina alilisikia lile neno. Mke mwenza lilikuwa limekwenda na pigano lake. Hata hivyo ile "wa kwanza" ilimwingia tamu kifuani, tamu kama sukari guru, na akaona aibu kwa jinsi ilivyokuwa tamu.

"Nina swali," alisema mganga. "Wenzangu wote wa michezo hii wanatibu kwa mbali. Mimi nasogea. Nasimama karibu na mgonjwa hata mahali pa mishale. Natafuta nilikojifunza na sipaoni. Pana pengo. Ni wewe ulinifundisha?"

Tuntufye alitazama soksi zake.

"Ni mimi," alisema Vestina.

"Nilidhani. Asante, mwenye nyumba. Ni funzo zuri."

Afisa alijaza fomu mpya, akaandika saa, akachomeka waya wa kumhamishia mganga kwenye chombo kipya, akatoka barazani kuvaa viatu. Vestina alibaki mezani, mikono mapajani. Dunia nzima hapakuwa na mtu wa kumbishia. Zebedayo amezikwa, mtoto amezikwa, na kidude kimesahau. Funzo lilikuwa lake kwa maandishi. Ni kweli pia kwamba alimsimamia mtoto akiumwa, si mtoto mwenyewe alisema? Alikaa nalo. Alikaa nalo kwa muda ambao Tuntufye alifunga kamba za kiatu kimoja na kuanza cha pili.

"Wewe," alisema. "Unanisikia?"

"Nakusikia."

"Nimekudanganya. Hakuwa mimi." Neno lilitoka limekwaruza, kama mlango wa chumba ambacho hakijafunguliwa. "Anaitwa Tamali."

Barazani, Tuntufye aliacha kufunga kamba.

"Tamali ni nani?" aliuliza mganga.

"Ngoja nikuambie," alisema Vestina, akavuta kiti karibu na spika hadi magoti yakagusa meza. "Alikuwa na miaka minane. Viatu alikuwa anavaa cha kulia kushoto na cha kushoto kulia, makusudi, ili nimwite nimrekebishe."